Duara katika Uwanja wa Kamba za Nguo

Anayetaka kuona jinsi duara linavyozaliwa na asimame, jioni ya Jumamosi, katika mojawapo ya viwanja vilivyoachwa kati ya safu za nyumba za Kaloleni, Maringo au Jericho, katika Eastlands ya Nairobi, mahali ambapo kamba za nguo zimefungwa toka nguzo hata nguzo, ambapo mama wa chapati amekwisha washa jiko na fundi wa viatu hajakusanya nyundo zake, na ambapo watoto wanapiga mpira wa makaratasi bila kumwomba mtu ruhusa. Huingia vijana watano au sita, mmoja na ngoma, mwingine na beseni la plastiki, wa tatu mikono mitupu. Ngoma hulia, mmoja wao hujirusha sarakasi mbili tatu vumbini, watoto huuacha mpira wakaja mbio, watu wazima hutokeza vichwa madirishani, na kabla ya chapati ya pili kugeuzwa, duara limekwisha timia bila mtu kulichora. Wenyeji wamezoea kwamba hapo ndipo kinapoanza kichekesho, au mchezo wa kuwafundisha watu habari za maradhi na za uchaguzi. Lakini tuseme kwamba jioni hii ngoma inanyamaza, na yule kijana wa mikono mitupu anaketi chini, anatoa shati katika beseni lisilo na tone la maji, na kuanza kulifua, polepole, kwa makini, bila kutamka neno, kwa muda wa nusu saa nzima. Kwanza huja vicheko. Kisha maswali: huyu ana nini, maji yako wapi, au ni mambo ya mfereji kukauka? Kisha hukijia kiwanja kimya ambacho mitaa hii haikijui sana saa kumi na mbili za jioni.

Ni kimya hicho, na wale wanaokitafuta, ninaotaka kuwaeleza wasomaji wasiopata nafasi ya kuwaona. Sanaa yao haijapata bado jina moja lililotulia katika lugha yetu: wako waiitao sanaa ya utendaji, wako wasemao maonyesho ya majaribio, na vijana wenyewe, ambao hawana muda wa kushughulika na istilahi, husema tu kwamba wana shoo. Mchezo wa kuigiza tuliouzoea una hati iliyoandikwa, una wahusika wenye majina yasiyo ya waigizaji, na una kisa chenye mwanzo na mwisho; ukikosa kuuona leo utauona kesho, na ukikosa kesho utausoma kitabuni. Mali ya sanaa hii nyingine ni mwili wa mtu, wakati unaopita, mahali palipochaguliwa na watu waliohudhuria, na vitu hivyo vinne vikitengana hapabaki kitu cha kuuza wala cha kutundika ukutani. Inaitwa majaribio kwa maana iliyo sawasawa na neno lenyewe, kwamba mwenye kuifanya hajui itamfikisha wapi, na akijua tangu mwanzo, basi ameacha kujaribu.

Katika nchi za Magharibi sanaa ya namna hii ina historia ndefu. Mwaka 1959 msanii Allan Kaprow aligawa chumba kimoja cha New York kwa mapazia ya plastiki na kuwapa wageni maagizo ya lini wahame kutoka sehemu moja kwenda nyingine, nao wakawa ndani ya onyesho badala ya kulitazama. Mwaka 1974, katika mji wa Naples, msanii Marina Abramović alisimama saa sita bila kujitetea, mbele ya meza yenye vitu 72, tangu ua la waridi hata bastola na risasi yake, akiwaruhusu waliohudhuria wamtumie vitu hivyo wapendavyo. Walianza kwa upole, wakaishia kwa kumchania nguo na kumjeruhi. Kisa hicho husimuliwa kila mahali kuthibitisha ukatili uliofichika katika nafsi ya binadamu. Mimi kila nikifikiriapo Eastlands hukiona kwa jicho jingine. Wale waliokuwa Naples walikuwa wageni wa chumba cha sanaa, walioingia kwa ajili ya kutazama, wasiomjua yule mwanamke wala jamaa zake. Katika uwanja wa Jericho, msanii akilala chini asitikisike, jirani hangoji kuelezwa kama hiyo ni sanaa au siyo: ataleta maji, atamwita kwa jina la mama yake, na ikiwa hapana budi atamnyanyua. Mtazamaji asiye na upande hayuko. Kwa hiyo kijana wa Eastlands anayeanza sanaa hii anapewa bure kitu ambacho wenziwe wa miji mikubwa ya Ulaya hukitafuta kwa gharama, nacho ni hadhira inayojiona kuwa na haki ya kuingilia.

Haki hiyo haikuja kwa bahati. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya upande huu wa Nairobi zilijengwa na serikali ya kikoloni na baraza la mji kwa ajili ya wafanyakazi, na wakuu wa siku zile walimhesabu mfanyakazi kuwa mtu wa kitanda kimoja, atakayerudi kwao siku kazi ikiisha. Vyumba vikawa vidogo, na mahali pengi jiko na bafu vikawa vya ushirika. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ikafuata katika miaka ya 1940. Na wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950 yakaja majina yaliyobeba mauti, maana Mbotela ni jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, na Jericho na Maringo, ambazo majina yake kamili hutanguliwa na Ofafa, zilipewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Watu walipozaa na kukaa, chumba kikawafinya, nao wakautoa nje ule ukumbi ambao mjenzi hakuwapa: kiwanja kikawa sebule, na sebule ya watu mia mbili haiwezi kukosa kuwa jukwaa.

Wako wazee, na si wajinga, waitazamao sanaa hii mpya kama bidaa iliyoletwa na wazungu, na kusema kwamba mtu kufua shati kavu si mila ya mtu yeyote. Kwa heshima zote nawaomba wakumbuke beni. Ngoma ile ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu na Mombasa walipotwaa tarumbeta, gwaride, kofia na vyeo vya majeshi ya wageni, wakavigeuza kuwa mashindano ya mitaa, wenye Kingi upande huu na wenye Scotchi upande ule, kila chama na majenerali wake, na pesa zikitumika bila kuhesabiwa ili mahasimu wafedheheke. Ikasafiri bara pamoja na askari, wapagazi na watumishi, ikafika hata katika vijiji vya Waislamu vya Nairobi, Pangani na Pumwani, karibu na mahali pale ambapo jina la jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 lilibaki vinywani mwa watu kwa matamshi ya Kariokor. Msomi Terence Ranger, aliyeiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, alionyesha jinsi ilivyoenea Afrika ya Mashariki yote kwa muda usiofika nusu karne. Mtu aliyevaa sare ya jenerali asiye na jeshi, akaongoza gwaride lisilokwenda vitani, mbele ya mtawala asiyejua kama anasifiwa au anachezewa shere: kama hilo halikuwa jaribio la sanaa, sijui tutaliita nini. Na katika maandishi yetu Ebrahim Hussein alikwisha fungua mlango huo mwaka 1976, alipotoa Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, michezo ambayo msimulizi mmoja huibeba peke yake kwa sauti na mwili wake.

Kati ya beni na vijana wa leo kuna kipindi kigumu. Leseni za serikali zilikuwa juu ya kichwa cha kila mwenye kukusanya watu. Mwaka 1977, katika Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Leseni ikaondolewa mwezi Novemba, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Hofu ya kisa hicho ilifika kila mtaa. Mageuzi ya sheria ya mwaka 1997 ndiyo yaliyoondoa leseni ya mikutano ya hadhara na kuweka mahali pake taarifa kwa polisi, na tangu hapo vikundi vya michezo ya mitaani viliongezeka mno.

Lakini hapo ndipo palipoingia mtego mwingine, nami nitausema waziwazi kwa kuwa wengi huupita kwa adabu. Mashirika ya misaada yaliona kwamba duara la mtaani lakusanya watu kwa haraka kuliko gari la kipaza sauti, yakaja na fedha, na pamoja na fedha yakaja na ujumbe. Utaratibu wa Augusto Boal wa Brazili, ambaye kusudi lake lilikuwa mnyonge aingie jukwaani abadilishe mwenyewe mwisho wa kisa, ulichukuliwa ukafundishwa katika semina, na aghalabu mwisho wa kisa ukawa umekwisha pangwa na mwenye kulipa: mtazamaji ataingia, atasema tutumie chandarua, tupime damu, tusipigane wakati wa kura, na makofi yatapigwa. Sibezi kazi hiyo. Imeokoa watu, na imewapa vijana wengi wa Mathare, Kayole na Korogocho mshahara wao wa kwanza na ujuzi wa kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Hata hivyo imezaa kizazi cha wasanii ambao wakiulizwa unataka kufanya nini hujibu kwa kuuliza mfadhili anataka nini, na imemzoesha mtazamaji kungoja somo kama mgonjwa angojavyo dawa. Yule kijana wa shati kavu, anayenyamaza nusu saa, anawaachia watu wa mtaa kazi ambayo kwa miaka ishirini walifanyiwa na wengine, kazi ya kuamua wenyewe maana ya walichokiona. Mmoja atasema ni habari za uhaba wa maji, mwingine ni habari za mama yake aliyefulia watu nguo hata mikono ikapasuka, wa tatu atasema ni upuuzi mtupu, na wote watatu watabishana hata usiku, na ubishi huo ni sehemu ya onyesho.

Nairobi ilipata mapema watu wa kuifungua njia hii. Mwaka 1997 wachezaji wa dansi Opiyo Okach, Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara, na mwaka uliofuata, huko Luanda, mchezo wao wa kwanza, Cleansing, ukapata tuzo katika mashindano ya wabunifu wa dansi wa Afrika. Linyekula baadaye alirudi kwao, akafungua Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, kisha akazihamishia Kisangani, mbali na balozi na wafadhili, kwa sababu alitaka kazi yake iwe mahali inapohitajika. Mwaka 2003 kilifunguliwa kituo cha sanaa cha GoDown, katika bohari la zamani la barabara ya Dunga kwenye eneo la viwanda, chini ya uongozi wa Joy Mboya. Kwa kijana wa Makongeni au Mukuru mahali hapo palikuwa pa kufika kwa miguu, na jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, maana nauli ya kwenda na kurudi mjini ndiyo inayoamua nani atafanya mazoezi na nani atabaki nyumbani. Kutoka kituo hicho hicho likazaliwa, mwaka 2013, tamasha la Nai Ni Who, lililowaalika wakazi wa mitaa waionyeshe mitaa yao wenyewe, kwa kutembea na kusimulia, wakiwa wao ndio wenye kuchagua nini kionekane.

Nitataja kazi mbili za watu wa upande huu zilizovuka bahari. Ya kwanza ni ya Wajukuu, chama cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 2004 katika Mukuru ya Lunga Lunga, ambako mabati ndiyo ukuta, ndiyo paa na ndiyo uzio. Walipoalikwa mwaka 2022 katika maonyesho makubwa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani, hawakuutengeneza mlango wa ukumbi kwa kuupamba. Waliufunika kwa mabati, wakatengeneza njia ya giza, nusu kibanda cha Mukuru nusu nyumba ya Kimaasai, na kila aliyetaka kuingia hakuwa na budi kupita humo. Fikiri mwendo wa mgeni yule, aliyetoka katika nuru ya bustani ya Kijerumani, akipunguza hatua kwa kuwa macho hayajazoea, akinyoosha mkono apapase bati, akisikia nyayo zake mwenyewe: mtazamaji huyo amekuwa mtendaji kabla hajajua, na mwili wake umefundishwa jambo moja la Mukuru ambalo picha elfu zisingemfundisha. Chama hicho kilipata mwaka ule tuzo ya Arnold Bode.

Ya pili ni ya Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, aliyezaliwa mwaka 1997 akapitisha utoto wake Kariokor. Babu yake, aliye na jina hilo hilo, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu ndiye aliyeshika kazi ya kuzitoa upya nyimbo za mzee. Lakini muziki wake mwenyewe hauna maneno wala hauna ngoma ya kuchezea. Hutembea na kinasa sauti, akanasa honi, mvua juu ya bati, mazungumzo ya mbali, mlio wa nyaya za umeme, kisha akiwa mbele ya watu huzinyoosha sauti hizo kwa kompyuta, taratibu, mpaka kile tulichokiita kelele kinakuwa kitu cha kusikilizwa. Sahani yake ya Peel ya mwaka 2020 ilimpa jina Ulaya, na sasa kazi zake husikika katika kumbi za nchi nyingi. Mimi nimeishi na sauti za mitaa hii miaka mingi, na sikupata kudhani kwamba ule mvumo unaobaki baada ya matatu kuondoka stendi una kitu ndani yake, hadi niliposikiliza kazi ya kijana huyu nikafungua dirisha.

Sifa hizo za ng'ambo zafurahisha, walakini zina hatari yake, nami naisema kwa mapenzi. Wako chipukizi ambao wamekwisha jifunza lugha ya maombi ya ufadhili kabla ya kujifunza kushika pumzi za watu wa mtaani, ambao onyesho lao hufanywa mara moja tu mbele ya kamera, saa ambayo hakuna mpita njia, ili picha ipelekwe mbali. Onyesho la namna hiyo limetoroka mtihani wake. Mtihani wa Eastlands ni mgumu kwa sababu haukutangazwa: mpita njia hakulipa kiingilio, kwa hiyo hana sababu ya kuvumilia, anaweza kucheka mahali pa huzuni, kumwita mtoto wake akale, au kupitisha mkokoteni katikati ya duara akisema tafadhali. Msanii anayejua kazi yake humpisha mwenye mkokoteni, na gurudumu likishapita, anaendelea akiwa amepata kitu kipya cha kufanya na alama yake ya vumbi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ardhi, yaani viwanja vyenyewe. Kijiji cha Pangani, kilichozisikia tarumbeta za beni, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyewe wakahamishiwa Shauri Moyo; na mtaa uliokuja kuitwa Pangani baadaye nao umebomolewa, miaka hii ya karibuni, kupisha maghorofa. Mitaa mingine ya zamani imo katika mipango iyo hiyo. Nyumba zile zimechakaa, mabomba yameoza, na mtu asiyeishi humo hana haki ya kumwambia anayeishi asitake ghorofa lenye maji. Ila katika michoro ya majumba mapya ninayoiona, nafasi kati ya jengo na jengo ni ya magari, na mlango una askari. Mama wa chapati hayumo, wala kamba ya nguo, wala mahali ambapo watu mia mbili wanaweza kusimama bila kuulizwa wanakwenda kwa nani. Ziko kumbi za jamii, kama zile za Kaloleni na Jericho na ule wa ukumbusho wa Pumwani, ambazo baraza la mji lilizijenga wakati hakukuwa na fedha za kufanyia anasa, na ambamo mabondia, wanasiasa, wanasarakasi na maharusi wamepokezana zamu. Hizo zastahili rangi, taa zinazowaka, na ada ambayo kikundi cha watu sita wasio na kazi kinaweza kuichanga. Kaunti ya Nairobi inaweza kuandika katika kila kibali cha ujenzi kwamba pabaki kiwanja kisicho cha magari. Ni sharti dogo kwa mjenzi.

Shoo ikiisha, kofia huzungushwa, na siku hizi namba ya simu huandikwa kwa kalamu nene katika kipande cha katoni kwa wale wasiobeba sarafu. Fedha inayopatikana aghalabu hutosha nauli na chapati. Vijana hukunja vitu vyao, beseni hurudishwa kwa mwenyewe, duara huvunjika kama lilivyokuja. Malipo mengine huja kesho yake asubuhi, na msanii mwenye busara hupita tena pale makusudi ili ayaone: watoto watatu wameketi vumbini chini ya kamba za nguo, mmoja ana kitambaa mkononi, anakifua bila maji, polepole, amekunja uso, wa pili anamtazama bila kucheka, na wa tatu, ambaye jana alikuwa mgongoni mwa dada yake, amebuni sehemu ambayo haikuwamo, anakipokea kile kitambaa kikavu kwa mikono miwili, anakikamua kwa nguvu zake zote, na kunyoosha kiganja aone kama litadondoka tone.